Uvimbe wa Mishipa ya Damu ya Ubongo: Kwa Nini Wanawake Huathirika Zaidi

Maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja si ya kumeza dawa na kusubiri kesho. Yanaweza kuwa dalili ya kupasuka kwa mshipa wa damu katika ubongo, tatizo linalowapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hususan baada ya umri wa miaka 50.

Chanzo kikuu ni hali iitwayo kitaalamu aneurizimu. Ukuta wa mshipa hudhoofika, kisha msukumo wa damu huufanya utokeze nje mithili ya puto dogo, aghalabu pale mshipa unapogawanyika matawi. Inakadiriwa kuwa watu wazima 3 kati ya 100 duniani wana uvimbe huo, na wengi huishi nao bila kujua kwa kuwa hauoneshi dalili yoyote.

Wataalamu wanahusisha tofauti ya kijinsia na homoni ya estrojeni, ambayo husaidia kulinda kuta za mishipa. Mwanamke anapokoma hedhi, kiwango cha homoni hiyo hushuka na kinga hiyo kupungua. Aidha, wanawake huwa na uvimbe zaidi ya mmoja mara nyingi kuliko wanaume.

Hata hivyo, wanaume hawako salama. Shinikizo la juu la damu na uvutaji wa sigara huongeza hatari kwa jinsia zote, sawia na historia ya ugonjwa huo katika familia.

Uvimbe ukipasuka, damu huvuja kuzunguka ubongo na kusababisha aina hatari ya kiharusi. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hupoteza maisha. Kuhusu matokeo ya matibabu, umri wa mgonjwa na kiasi cha damu iliyovuja vina uzito mkubwa kuliko jinsia. Hatari ya kuvuja tena ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo, hivyo kila saa inayopotea nyumbani ina gharama.

Hospitalini, kipimo cha CT-Scan huonesha damu iliyovuja. Madaktari huweza kufungua fuvu na kubana shingo ya uvimbe kwa kibanio cha chuma, au kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja au mkono na kuujaza uvimbe kwa nyuzi laini za madini ya platini.

Wananchi wanashauriwa kupima shinikizo la damu mara kwa mara, kutumia dawa kama walivyoelekezwa na kuacha sigara. Kichwa kikiuma ghafla kuliko wakati wowote uliopita, hasa kukiwa na kutapika, shingo kukakamaa, kope kulegea au kupoteza fahamu, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.