Istilahi za Mafundi wa Pwani ya Kilwa na Lindi katika Mafunzo ya Simu na Kompyuta

Pwani ya kusini ya Tanzania, tangu Kilwa Kivinje hata Lindi, ina sifa ya kale katika kazi mbili kubwa za mikono: uashi wa mawe na chokaa, na uundaji wa vyombo vya bahari. Ushahidi wa kazi ya kwanza ungali wazi huko Kilwa Kisiwani, katika Msikiti Mkuu na katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Ushahidi wa kazi ya pili huonekana katika mashua na majahazi yanayoundwa na kutengenezwa ufukoni. Kazi zote mbili hurithishwa kwa njia moja: mwanagenzi hukaa na fundi wake miaka kadhaa, huona, hushika, hukosolewa, na pamoja na kazi hupokea majina ya kila kitu anachokishika.

Siku hizi njia nyingine imeongezeka. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo chake Lindi. Mwaka 2016 mamlaka hiyo, ikishirikiana na kampuni ya simu ya Airtel, ilianzisha mafunzo yaitwayo VSOMO. Mwanafunzi husoma nadharia katika simu yake popote alipo, kisha huenda katika karakana ya chuo kufanya vitendo na kupimwa kabla ya kupewa cheti. Miongoni mwa masomo yake ni umeme wa majumbani na utengenezaji wa pikipiki. Tena, sera mpya ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 imeweka katika shule za sekondari mikondo miwili, mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Kwa hiyo idadi ya masomo ya ufundi yatakayoandikwa na kuwekwa katika vioo vya simu na kompyuta haina budi kuongezeka. Hapo ndipo panapozuka suala la lugha: masomo hayo yataandikwa kwa maneno ya nani?

Neno amali lenyewe ni mfano mwema. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni tendo au kazi. Katika Kiswahili lilikuwa likisikika zaidi katika mazungumzo ya dini, kwa maana ya matendo ya mtu. Unguja na Pemba likachukuliwa mapema kwa jambo ambalo bara liliitwa ufundi stadi, na huko mamlaka inayohusika huitwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Sasa sera ya bara imelichukua pia. Halikutungwa upya, lilikuwapo, likapewa kazi. Mfano wa namna nyingine ni kishikwambi. Neno hilo lilijulikana na wachache hata serikali ilipovitumia vyombo hivyo katika sensa ya mwaka 2022, kisha ikavigawa kwa walimu. Chombo kilipoingia shuleni, neno liliingia pamoja nacho. Yafaa izingatiwe, basi, kwamba neno la ufundi aghalabu halienei kwa kuchapwa katika orodha ya istilahi. Huenea likiwa limeshikamana na kitu kinachotumika.

Kanuni hiyo yaweza kufaa, na yaweza kudhuru. Lugha ya karakana za pwani ni hazina iliyokusanywa kwa karne nyingi. Mwunda jahazi huanza na mkuku, ambao katika baadhi ya kamusi huitwa pia utako, huinua hanamu mbele na fashini nyuma, hupanga mataruma, hupigilia mbao, hutia kalafati katika maungio, hupaka sifa, na sehemu ya chini huipaka deheni ili mbao zisiliwe na wadudu wa bahari. Zana zake ni tezo, keekee, randa, patasi na msumeno. Majina hayo yana asili mbalimbali, mengine ya Kibantu, mengine ya Kiarabu au ya Kiajemi, bali yote yamekwisha kuwa Kiswahili. Upande wa pili ziko kazi zilizokuja na mashine, nazo zilileta spana, nati, gia, waya na swichi kutoka Kiingereza. Hapana ubaya katika hayo, kwa kuwa kitu kilikuja na jina lake. Ubaya huja pale ambapo kitu chenye jina tayari hupewa jina jingine kwa sababu mwandishi wa somo, akiwa mbali na ufuko, alifasiri kitabu cha kigeni wala hakumwuliza fundi. Kijana wa Kilwa akisoma somo la namna hiyo hatamwelewa fundi wa kijiji chake, na fundi naye atadhani kwamba elimu hiyo haimhusu.

Uashi unaonyesha faida iwezayo kupatikana. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyahifadhi. Wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliyapima majengo hayo kwa mionzi ya leza, wakapata michoro ya kompyuta inayoonyesha kila ukuta kwa urefu, upana na kina chake. Kwa mchoro wa namna hiyo mwanafunzi aliye Lindi mjini aweza kuigeuza kuba na kuitazama chini na juu. Ikiwa juu ya mchoro huo yataandikwa majina kama kuba, kidaka, boriti na lipu, na kando yake timazi, pimamaji na mwiko, picha itakuwa imefanya kazi ya kamusi iliyo bora kuliko maelezo marefu.

Hata hivyo kioo kina mpaka wake. Mwundaji wa jahazi wa jadi hafuati mchoro. Hupima kwa jicho. Mwashi hujua kwa mkono kama chokaa imeiva. Jiwe la matumbawe likitoka baharini huwa laini na huchongeka, kisha hukauka na kuwa gumu. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipitishi unyevu kwa namna ile ile, kwa hiyo ukuta wa kale ukizibwa kwa saruji huzuia maji ndani yake, na mawe huharibika. Sababu hiyo yaweza kusomwa katika simu, lakini kuitambua chokaa iliyo tayari hakusomwi. Hufunzwa kwa kushika. Utaratibu wa VSOMO wa kuitenga nadharia na vitendo, na kumtaka mwanafunzi afike karakana, umekiri jambo hilo.

Liko pia suala la njia. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua kubwa viliharibu madaraja huko Somanga, wilayani Kilwa, na barabara ya Dar es Salaam na Lindi ikakatika. Mwezi huo huo, tarehe 12, nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilipata hitilafu, na mtandao ukadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Mwalimu asiyeweza kufika kwa barabara hakuweza kutegemea intaneti pia. Somo lililokusudiwa pwani ya kusini, basi, lapasa kuhifadhika ndani ya simu lipate kusomwa pasipo mtandao.

Kazi ya wataalamu wa lugha yatokana na hayo. Kwanza, majina ya kazi yakusanywe kwa mafundi wenyewe, kwa sauti na kwa picha, kabla ya masomo kuandikwa. Pili, pale ambapo Kilwa, ambako lahaja ya Kimgao hutajwa, ina jina lake na Unguja ina jingine, somo liyataje yote mawili, kisha lichague moja la mtihani. Tatu, VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Fundi mkongwe aulizwe kwa maneno anayoyatumia, asishindwe mtihani wa kazi aliyoifanya maisha yake yote kwa kutojua istilahi ya kitabu. Nne, istilahi zikisanifiwa zisiachwe katika vijitabu. Ziwekwe ndani ya masomo yenyewe, zishikamane na vitu vyake.

Kioo cha simu kitahifadhi kile kilichotiwa ndani yake. Likitiwa neno mkuku, kijana ataufahamu mkuku na ataweza kuzungumza na fundi aliye ufukoni. Lisipotiwa, jahazi laweza kuendelea kuundwa miaka michache zaidi, lakini majina ya viungo vyake yatakuwa yamekwisha kutoka midomoni mwa watu.