Msitu Mnene, Udongo Maskini

Wajerumani walipofika Usambara Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, waliona miti mirefu isiyokauka mwaka mzima, wakaamini imesimama juu ya ardhi yenye rutuba tele. Wakafyeka, wakapanda kahawa. Haikupita miaka mingi mibuni ikadhoofika. Udongo wa huko una tindikali, na mvua za enzi na enzi zimeuosha virutubisho vyake. Rutuba kubwa ilikuwa ndani ya miti yenyewe na katika majani yaliyoanguka chini.

Fukua majani hayo kwa vidole. Ya juu ni makavu na mazima. Yanayofuata yamelowa na kutobokatoboka, mengine yamebaki mishipa mitupu. Chini zaidi utaona nyuzi nyeupe za kuvu zikishikanisha vipande, na mizizi myembamba ya miti imepanda kuvifuata humo humo. Mwisho ni mboji nyeusi.

Kila kirutubisho kina safari yake. Kabla ya kuangusha jani, mti huvuta na kurudisha mwilini takriban nusu ya naitrojeni na fosforasi iliyomo. Potasiamu haisubiri jani lioze. Mvua huichuja ndani ya wiki chache. Kalisi hukwama kwenye kuta za seli mpaka kuta hizo zivunjwe. Jongoo na mchwa hutafuna jani na kulisaga. Lignini, ile dutu inayoufanya mti uwe mgumu, huachiwa kuvu, maana ni viumbe wachache wanaoiweza.

Naitrojeni ndiyo yenye mtego. Bakteria na kuvu nao huihitaji ili kujenga miili yao. Jani likiwa na kaboni inayozidi naitrojeni kwa zaidi ya mara 25 hivi, chakula hicho hakiwatoshi, nao hukimbilia naitrojeni iliyo kwenye udongo. Wanapokufa au kuliwa, ndipo huiachia, na mizizi iliyo karibu huidaka kabla mvua haijaizamisha.

Ndiyo maana mkulima anayefukia mabua makavu ya mahindi siku chache kabla ya kupanda huweza kuona miche ikigeuka njano. Vijidudu vimeitangulia mezani.

Moto nao hufupisha safari kwa hasara. Naitrojeni hupaa na moshi. Majivu huacha kalisi na potasiamu, shamba likatoa mavuno mazuri msimu mmoja au miwili, kisha mvua ikazoa kilichobaki kwa kuwa hakuna mizizi ya kutosha ya kukidaka.

Kwa hiyo, mabua yaache juu ya udongo yawe matandazo. Ukitaka kuyafukia, fanya hivyo mapema, tena uyachanganye na majani mabichi ya jamii ya kunde, kama glirisidia, ambayo yana naitrojeni ya kutosha kuwalisha vijidudu na mahindi pia.