Hesabu ya Ngome

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022, wengi walikata shauri kwamba hayati Raila Odinga alipoteza muda akiwabembeleza watu wa Mlima Kenya huku ngome zake zikilala. William Ruto alimshinda kwa kura 233,211, na Mombasa, ambako Raila aliongoza, hata nusu ya waliosajiliwa hawakupiga kura. Ukiziweka takwimu hizo pamoja unaona mgombea angetulia na watu wake tu. Mimi naona hesabu hiyo ina kasoro.

Mombasa haikuwa ya mtu mmoja. Katika kila kura kumi, kama sita zilikuwa za Raila na nne za Ruto, kwa hiyo kila watu kumi ambao angewatoa majumbani wangemwongezea kura mbili tu juu ya mpinzani wake. Kwa mwendo huo angehitaji watu zaidi ya milioni moja, ilhali daftari zima la Mombasa halikufika wapiga kura 650,000. Itasemwa kuwa waliobaki nyumbani walikuwa wake zaidi kuliko waliojitokeza. Huenda, lakini hata wangekuwa saba kwa kumi, pengo lisingezibika. Kuamsha ngome hulipa pale ambapo karibu kila anayeamka ni wako, kama Siaya kwa Raila, au Bomet na Kericho kwa Ruto. Sasa tazama Kiambu, kaunti ya Mlima Kenya: mwaka 2017 Raila hakufikisha asilimia 10 huko, lakini 2022, akiwa na Martha Karua kama mgombea mwenza na Rais Uhuru Kenyatta nyuma yake, alipata kura zaidi ya 200,000. Kura iliyohama ina uzito wa mbili, maana inaongeza huku na kupunguza kule. Tena Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hakuna ngome moja inayotosha.

Mbona basi jumla ya kura za Raila ilipanda kutoka kama milioni 6.8 mwaka 2017 hadi milioni 6.9 tu? Hapo wakosoaji wana hoja. Raila alijitanua kupitia vigogo. Handisheki ya 2018 kati yake na Uhuru ilimfanya mkosoaji mkuu wa serikali kuwa mshirika wake, na mwenye hasira ya bei ya unga akakosa wa kumsemea. Ruto, Naibu Rais aliyekuwa bado ofisini, akaiokota hasira hiyo kwa kaulimbiu ya mahasla, yaani wahangaikaji wa kawaida, ambayo mwendesha bodaboda wa Eldoret na mwenzake wa Nyeri waliielewa vilevile. Aliwavuta wageni kwa maneno yaleyale yaliyowachangamsha wenyeji, na hiyo ndiyo tofauti iliyoamua. Machi 2025, baada ya maandamano ya vijana kumtikisa, Ruto naye alitia saini mapatano na Raila. Kaulimbiu ya mahasla itabeba uzito gani 2027 kinywani mwa rais anayegawana serikali na wapinzani wake wa jana, hilo ndilo swali ambalo washauri wake wanapaswa kulipigia hesabu kaunti kwa kaunti.