Mwalimu wa Madaktari Naye Hufundishwa



Kila mmoja wetu aliyewahi kupanga foleni kwenye zahanati anajua kwamba dawa peke yake haitoshi. Mgonjwa anayekaripiwa kwa sababu ya lugha yake, nguo zake au kazi yake huondoka bila kueleza ugonjwa wote. Wazee husema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Lakini huyu hakuficha kwa kupenda; amefungwa mdomo. Basi leo tunaeleza jinsi tatizo hili linavyoshughulikiwa mahali pengine tangu kwenye mzizi wake, yaani katika darasa la madaktari.

Huko Marekani vyuo vya udaktari vimekuwa vikifundisha namna ya kuwahudumia watu wa rangi, dini na hali mbalimbali. Sababu ipo. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali iliwachunguza wanaume Weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini. Watu 399 kati yao walikuwa na kaswende. Waliachwa bila tiba ya kweli hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Watu waliotendewa hivyo hawawezi kuliamini koti jeupe kwa urahisi.

Lakini ni nani atakayefundisha somo hili? Bingwa wa moyo anajua kutoa mhadhara. Kuongoza mazungumzo juu ya ubaguzi ni kazi nyingine. Neno kali likitamkwa darasani, waalimu wengi hubadilisha habari upesi, na aliyeumizwa hubaki na uchungu wake.

Chuo Kikuu cha Michigan kiliamua kuwafundisha waalimu hao kwa mchezo wa kuigiza, na taarifa ya kazi hiyo ikatolewa mwaka 2007. Mchezo wa aina hii huenda hivi. Wachezaji huigiza darasa ambamo mazungumzo yanaharibika. Tuseme mwanafunzi mmoja anasema kwamba maskini ni wagonjwa kwa uvivu wao. Mwenzake, mtoto wa maskini, ananyamaza. Mwalimu anatazama saa. Hapo mchezo husimama, lakini wachezaji hawatoki katika nafasi zao. Waalimu waliokuwa wakitazama huwauliza: wewe uliyenyamaza, moyoni ulikuwa na nini? Wewe mwalimu, uliogopa nini? Kisha hujadiliana: tungefanya nini sisi? Mwalimu hujiona kama katika kioo, wala hakuna aliyeaibishwa kwa jina.

Mmoja wa walioeneza michezo ambayo mtazamaji hushiriki ni Augusto Boal wa Brazil. Mwaka 1971 serikali ya kijeshi ilimtia ndani na kumtesa, kisha akaishi uhamishoni. Mwaka 1973 alikuwa Peru katika kampeni ya kufuta ujinga. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja mama mmoja hakuridhika na jinsi mchezaji alivyofuata shauri lake. Boal akamwambia apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Tangu hapo mtazamaji akawa mchezaji. Mwaka 1992 Boal alichaguliwa diwani wa Rio de Janeiro kwa tiketi ya Chama cha Wafanyakazi, akaitumia michezo hiyo kukusanya mawazo ya wananchi ya kutungia sheria.

Hatudanganyani: mchezo hauongezi dawa wala wauguzi. Hayo bado tutayadai mezani. Lakini kiongozi asiyejua kusikiliza hawezi kujua adai nini.

Kwa hiyo somo hili si la madaktari tu. Katika mikutano ya matawi yetu, kibarua wa msimu akisema neno gumu, je, mwenyekiti humsikiliza, au hutazama saa? Mkutano ujao tuigize jambo hilo kwa dakika kumi, kisha tuulizane. Jukwaa si lazima. Kivuli cha mwembe kinatosha.