Nyumba moja, wapangaji wanne

Nyuma ya kaunta ya ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, jirani na bandari ya Dar es Salaam, kulikuwa na kichumba kilichowahi kuwa stoo ya mafaili. Humo kompyuta tatu zilinguruma usiku na mchana. Ya kwanza ilibeba programu ya hesabu, ya pili nyaraka za ofisi nzima, ya tatu programu ya kufuatilia makontena, iliyoandikwa miaka mingi nyuma na kijana ambaye siku hizi hata simu yake haipatikani. Juu ya hiyo ya tatu walibandika karatasi kwa selotepu: USIZIME. Nilipoitwa, feni yake ilikuwa inalia kama cherehani iliyokauka mafuta.

Kabla ya kugusa kitu nilikaa nikazitazama. Saa nne asubuhi, wateja wamejaa, prosesa ya mashine ya hesabu ilikuwa inatumia asilimia 4 ya uwezo wake. Ya nyaraka, asilimia 2. Nikachomeka kipima umeme: zote tatu wati 180 hivi bila kupumzika, sawasawa na uniti 130 kwa mwezi. Mzee mwenye ofisi alikuwa ananunua umeme wa LUKU ili mashine zikae zikingoja kazi.

Aliyekulia uswahilini haoni tabu kuelewa nilichompendekezea. Nyumba ni moja, korido moja, bomba moja uani, mita moja ya umeme. Lakini kila mpangaji ana kufuli lake, na akishafunga mlango anaishi apendavyo. Kwenye kompyuta moja yenye nguvu unasimika kwanza programu iitwayo haipavaiza. Huyo ndiye mwenye nyumba: anagawa prosesa, RAM na diski kwa mashine pepe kadhaa, na kila moja inaamini kompyuta nzima ni yake.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1967 wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walikuwa na mfumo wa CP-40 uliogawa kompyuta moja ya System/360 kuwa mashine pepe 14. Waligawana kwa sababu kompyuta ilikuwa ghali mno kumwachia mtu mmoja. Sisi tunagawa kwa sababu zimekuwa rahisi, tumerundika nyingi, na zimekaa bure. Inanichekesha kwamba dawa imebaki ileile.

Kilichochelewesha dawa hiyo kufika kwenye kompyuta za maofisini ni kasoro ambayo mimi huona utamu kuisimulia. Prosesa ina ngazi za mamlaka. Mfumo endeshi, kama Windows, umezoea kukaa ngazi ya juu na kutoa amri nyeti. Ndani ya mashine pepe unashushwa bila kuambiwa, na haipavaiza inakalia kiti chake. Mfumo endeshi ukitoa amri nyeti, prosesa inatakiwa ikatae, imwite mwenye nyumba, naye atengeneze jibu linalofanana na la mashine halisi. Mpangaji hashtuki. Gerald Popek na Robert Goldberg waliliandika sharti hilo kihisabati mwaka 1974: kila amri nyeti lazima inaswe.

Prosesa za ukoo wa x86, zilizokuja kujaza maofisi ya dunia, hazikulitimiza. Kwenye Pentium watafiti walihesabu amri 17 zinazopenya bila kunaswa. Mojawapo inaitwa POPF. Pamoja na mambo mengine, mfumo endeshi huitumia kunyamazisha kengele zinazoiambia prosesa iache iliyo nayo ikahudumie kibodi au mtandao. Ikitolewa na asiye na mamlaka, prosesa haikatai. Inapuuza agizo kimyakimya na kwenda amri inayofuata. Kengele zinaendelea kulia, aliyeagiza anadhani zimezimwa, na mwenye nyumba hana habari.

VMware, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998 na watu ambao baadhi yao walitoka Chuo Kikuu cha Stanford, ilizunguka kasoro hiyo kwa kuzisoma amri kabla hazijatekelezwa na kuziandika upya zile za hila. Mwaka 2005 Intel waliingiza msaada ndani ya prosesa yenyewe, AMD wakafuata 2006, na 2007 programu ya KVM ikaingia kwenye Linux, bure. Ndiyo maana leo hata ofisi ya watu tisa inaweza.

Tulinunua mashine moja yenye viini 8 vya prosesa, RAM ya GB 64 na diski mbili za SSD zinazoandikwa kitu kilekile kwa pamoja, moja ikifa nyingine iendelee. Haipavaiza ni Proxmox, inayotumia KVM na haidai malipo ya leseni. Mzee alilipenda hilo, hasa nilipomweleza kwamba kampuni ya Broadcom, baada ya kuinunua VMware mwishoni mwa 2023, waliacha kuuza leseni za kudumu na kutaka malipo ya kila kipindi. Windows Server Standard, ukishailipia viini vyote vya mashine, inaruhusu mashine pepe mbili. Kwa kutojua hilo, watu wengi hulipa mara mbili.

Ile ya makontena niliiogopa. Ilikuwa juu ya Windows Server 2008, mfumo ambao Microsoft waliacha kuutunza Januari 14, 2020. Niliinakili diski yake nzima kuwa faili moja, nikaiwasha ndani ya nyumba mpya huku nimeshika pumzi. Ikaamka. Ilipochungulia vifaa vyake ilioneshwa bodi ya Intel 440FX, toleo la mwaka 1996, kwa sababu ndiyo bodi ambayo Proxmox huiigiza kwa kawaida, na mfumo mkongwe unaitambua mara moja. Nikaifungia chumba kisicho na dirisha la intaneti. Kilichosumbua siku mbili nzima ni kijiti cha leseni cha programu ya hesabu, kidogo kama flashi, ambacho mashine pepe haikukiona mpaka nilipoikabidhi tundu la USB kwa mkono.

Mpangaji wa nne ni wa majaribio, na ndiye aliyetuonesha ubaya wa mita moja. Nilimpa kazi ya kuchambua nyaraka za zamani, na ndani ya dakika chache dada wa hesabu akapiga kelele kwamba programu imeganda. Prosesa ilikuwa imepoa; foleni ilikuwa kwenye diski. Ni kama yule mpangaji anayechomeka jiko la umeme saa moja jioni. Nikamwekea kikomo.

Kuna kosa ambalo nimelifanya mwenyewe, kwa mteja mwingine. Haipavaiza inaweza kupiga picha ya mashine pepe ilivyo sasa hivi, ukiharibu kitu unarudi nyuma. Nilipiga picha, nikasahau kuifuta. Picha hailindi chochote diski ikifa, kwa kuwa inakaa diski hiyohiyo, na kadiri siku zinavyopita mabadiliko yanazidi kujaa pembeni. Baada ya miezi mitatu diski ilijaa na mashine zote zikasimama kwa pamoja, asubuhi ya Jumatatu.

Kwa hiyo kwa Mzee kila usiku nakala kamili inaandikwa kwenye diski ya nje. Ziko mbili zinazopokezana, na Ijumaa moja inaondoka naye kwenda nyumbani.

“Fundi, na kama humu ndani hamna kitu?” akaniuliza, ameshika ile diski kama anaipima uzito.

Jumamosi nikaja na kompyuta nyingine, nikaichomekea diski yake na kurudisha mashine ya hesabu. GB 180, dakika 40. Mzee alivuta kiti, akataka aoneshwe ankara ya mwisho. Ilikuwa ya Alhamisi, saa kumi na moja kasoro jioni. Akaisoma mstari kwa mstari, kisha akasema mteja huyo bado hajalipa.