Ujira wa Nyayo: Biashara ya Kutafuta Wanyama wa Mwituni Maniema

Tangu Roger Patterson na Bob Gimlin walipopiga filamu yao kando ya kijito cha Bluff Creek, California, mnamo Oktoba 1967, yamezuka katika majimbo ya magharibi ya Marekani maduka ya kumbukumbu, sherehe za kila mwaka na vipindi vya televisheni ambavyo rasilimali yao ni mnyama mmoja, Bigfoot, ambaye hata mfupa wake haujapata kuonekana. Kusini mwa Maniema, jimbo la mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mambo ni kinyume: wanyama wapo, nyayo zao zipo, na mafundi wa kuzisoma wapo tangu enzi za mababu, lakini kilicho adimu ni mnunuzi halali wa ujuzi huo.

Wala biashara yenyewe si ngeni. Msafiri David Livingstone, aliyekwama Kabambare, humo humo Maniema, kwa maradhi ya miguu mwaka 1870, aliandika habari za “soko”, mnyama mkubwa afananaye na mtu, ambaye wenyeji walimsimulia kuwa humkamata mwindaji na kumng'ata vidole. Mapema mwaka 1871 aliletewa mtoto jike wa mnyama huyo, ambaye mama yake alikuwa ameuawa: akiketi, kimo chake kilikuwa inchi 18, mwili wake umefunikwa na manyoya meusi marefu, naye alinyoosha mkono ili abebwe, na akikataliwa hulia kama mtoto wa binadamu. Aghalabu wataalamu humhesabu soko kuwa ndiye sokwe wa mashariki.

Miaka mitano baadaye Henry Morton Stanley alifika katika nchi hizo, na kwa hesabu yake mwenyewe alipatana na mfanyabiashara Tippu Tip amsindikize kupita mji wa Nyangwe, marhala 60 za saa nne nne, kwa riali 5,000. Katika kijiji cha Kampunzu, kaskazini ya Nyangwe, aliona safu za mafuvu, akaambiwa kuwa ni ya soko. Akanunua mawili, akayachukua hadi Uingereza, na mwanabiolojia Profesa Huxley alipoyachunguza akahukumu kuwa ni mafuvu ya watu. Tangu hapo ilikuwa dhahiri kwamba katika biashara hii bidhaa ni ithibati, na kwamba ithibati isiyopimwa yaweza kumtia mnunuzi hasarani.

Ithibati iliyopimwa ina thamani kubwa. Mwaka 2007 watafiti wa kundi la John na Terese Hart walimkuta mjini Opala, katika bonde la Lomami, kima aliyefugwa nyumbani, ambaye wenyeji walimwita lesula. Mwaka 2012 akatangazwa rasmi kuwa ni aina mpya kwa sayansi, ingawa wawindaji walimjua siku zote. Mwaka 2016 serikali ya Kongo ikatangaza katika bonde hilo Hifadhi ya Taifa ya Lomami, kilomita za mraba 8,879, katika majimbo ya Tshopo na Maniema.

Kazi yenyewe ya kufuata nyayo yahitaji subira kuliko ushujaa. Sokwe hujenga kiota kipya juu ya mti karibu kila usiku. Basi mfuata nyayo, akitazama kama majani ya kiota yangali mabichi, yamekauka au yamepukutika, hukadiria kiota kina siku ngapi, na kwa kuhesabu viota watafiti hukadiria idadi ya wanyama. Hutazama pia alama za magumi kwenye tope la kijito, kinyesi na maganda ya matunda, kisha huonyesha mti unaofaa kufungwa kamera ya mtego. Gharama za msafara ni wapagazi, mtumbwi, unga, chumvi na dawa. Na maadamu njia za magari ni mbovu, kila kilo huongezeka bei kwa kila siku ya mwendo.

Ujuzi huo huo una wanunuzi wengine. Mchuuzi wa nyama ya pori hulipa papo hapo, na nyama iliyokaushwa kwa moshi husafiri kwa baiskeli hadi mjini, ijapokuwa sokwe ni mnyama aliyelindwa na sheria. Dhahabu nayo huvuta vijana: mgodi wa Namoya, upande wa Salamabila, ulisimamishwa na kampuni ya Banro mwaka 2019 kwa sababu ya ghasia za wenye silaha, lakini wachimbaji wadogo hawakuacha makoleo yao.

Wako wanaotamani mfano wa Rwanda, ambako kibali cha kuwaona gorila wa milimani ni dola 1,500, au wa Uganda, ambako ni dola 800. Mapato hayo yametokana na miaka mingi ya kuwazoesha wanyama kuonwa na watu, na juu ya hayo barabara na amani, vitu visivyopatikana kwa msimu mmoja. Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, zaweza kuanza na bidhaa nyepesi zaidi, yaani habari sahihi za msituni, zinazohitajiwa na watafiti na mamlaka ya hifadhi.

Lakini sharti la mapatano liangaliwe. Anayelipa kwa kila alama ataletewa alama nyingi kuliko wanyama, na mafuvu ya Kampunzu yametosha kuwa onyo. Anayelipa kwa kila siku ya kazi, alama ionekane isionekane, hununua ukweli, kwa kuwa mfuata nyayo hapotewi na ujira wake anaposema kwamba hakuona kitu. Taarifa ya namna hiyo, ikiandikwa pamoja na jina la aliyeitoa, ndiyo itakayoweza kushindana na mzani wa mchuuzi.