Akiba ya Muda Katika Mikataba ya Ujenzi: Ni Mali ya Nani?

Kada anapotembelea mahali pa ujenzi na kukuta kazi imechelewa, swali lake la kwanza mara nyingi huwa: nani mzembe? Swali hilo lina haki yake, lakini likiulizwa mapema mno huficha mambo kuliko kuyafichua. Zipo kazi zinazochelewa mwezi mzima bila kuchelewesha jengo hata kwa siku moja, na zipo kazi ambazo siku moja ikipotea, jengo zima limepoteza siku hiyo. Asiyezijua kazi hizi kwa tofauti zake atamwadhibu asiye na kosa na kumwacha mwenye kosa, na fedha za wananchi zitalipia makosa hayo mawili kwa pamoja. Kwa hiyo katika makala hii tunaeleza akiba ya muda ni nini, ni mali ya nani, na kwa nini jambo hili linalodhaniwa kuwa la wahandisi peke yao linamhusu kila anayesimamia mali ya umma.

Akiba ya muda ni nini?

Tuchukue mfano wa zahanati ya kijiji. Mkataba unasema ijengwe kwa siku 80. Msingi unahitaji siku 15, kuta siku 25, paa siku 15, lipu na sakafu siku 15, kufunga milango na kupaka rangi siku 10. Kila kazi katika hizi hungoja iliyotangulia imalizike. Ukizijumlisha unapata siku 80 kamili. Huu ndio mnyororo mkuu wa kazi. Pete moja ikichelewa siku sita, kwa mfano mwenye kazi akichelewa kuleta saruji aliyoahidi kwa ajili ya kuta, zahanati yote imechelewa siku sita.

Pembeni ya mnyororo huo yuko seremala. Milango yake inahitaji siku 30, naye anaweza kuanza siku ile ile msingi unapoanza kuchimbwa. Lakini milango haihitajiki mpaka siku ya 70 imalizike. Basi seremala ana siku 40 za kupumua. Hiyo ndiyo akiba ya muda: kipimo cha siku ambazo kazi fulani inaweza kuchelewa bila kuigusa tarehe ya mwisho ya mkataba.

Hesabu hii ilipewa utaratibu wa kitaalamu mwaka 1957, wakati Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand huko Marekani walipobuni njia ya kupanga kazi nyingi zinazotegemeana kwa msaada wa kompyuta. Leo programu za kompyuta huifanya kwa dakika chache, lakini msingi wake ni ule ule wa mfano wetu, na yeyote ajuaye kujumlisha na kutoa anaweza kuuelewa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya muda huoza. Debe la mahindi lisiloliwa mwezi huu litaliwa mwezi ujao, lakini siku za seremala zikipita bila kutumiwa zimekwisha, wala haziwezi kuhamishiwa kwa mwashi aliyekwama ukutani. Tena akiba ikiliwa yote, kazi iliyokuwa pembeni huingia yenyewe katika mnyororo mkuu. Ndiyo maana ratiba haina budi kutazamwa upya kila mara. Ratiba iliyobandikwa ukutani siku ya kuweka jiwe la msingi na kusahauliwa haimwambii msimamizi lolote.

Ni mali ya nani?

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia. Tuseme mkandarasi amechelewa kumlipa muuza mbao, na seremala amepoteza siku 25. Hakuna aliyedhurika, kwa maana zimebaki siku 15 za akiba. Kisha mwenye kazi anaamua milango ipanuliwe ili machela ipite. Uamuzi ni mzuri, lakini unaongeza siku 20. Jumla ni siku 45, akiba ilikuwa 40, na zahanati inachelewa siku tano. Nani abebe mzigo huo?

Yapo majibu matatu. Mkandarasi atasema akiba ni yake, kwa kuwa ndiye aliyepanga kazi na ndiye anayebeba hatari zake. Kwa hiyo apewe nyongeza kwa siku zote 20. Mwenye kazi atasema akiba ni yake, kwa kuwa ndiye anayelipa. Kwa hiyo mkandarasi ndiye aliyeitumia vibaya tangu mwanzo, na asipewe hata siku moja. Jibu la tatu linasema akiba ni mali ya kazi yenyewe. Kila upande unaweza kuitumia kwa nia njema, na nyongeza ya muda hutolewa pale tu mwenye kazi anapochelewesha zaidi ya akiba iliyobaki. Kwa jibu hili mkandarasi anapewa siku tano.

Jibu la tatu ndilo linalopendekezwa na mwongozo wa ucheleweshaji uliotolewa mwaka 2002 na chama cha wataalamu wa sheria za ujenzi cha Uingereza na kurudiwa katika toleo la 2017, isipokuwa kama mkataba unasema vingine. Sisi nasi tunaona ndilo lenye haki zaidi. Hata hivyo tusilikubali kwa upofu. Tugeuze mfano: mabadiliko ya milango yaje kwanza na kula siku 20, kisha muuza mbao acheleweshwe siku 25. Matendo ni yale yale, siku ni zile zile, lakini sasa mkandarasi ndiye aliyevuka akiba, naye atatozwa fidia kwa siku tano. Akiba ya pamoja humpendelea anayewahi kuitumia. Mkandarasi anayelijua hilo hushawishika kuificha: kazi ya siku 30 huiandika siku 60, na ratiba ikaonekana haina nafasi popote.

Dawa yake ni uwazi tangu siku ya kutia saini. Masharti ya mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, katika toleo la 2017, yanadai ratiba ionyeshe akiba ya kila kazi na mnyororo mkuu. Lakini kuonyesha akiba ni jambo moja, na kusema ni ya nani ni jambo jingine. Sentensi moja ndani ya mkataba inayotamka kwamba akiba ni ya kazi, na kwamba nyongeza hupimwa kwa akiba iliyobaki, huondoa ugomvi ambao baadaye ungelipiwa mawakili.

Ucheleweshaji wa vikao

Tumezoea kudhani kwamba kifungu cha nyongeza ya muda ni fadhila kwa mkandarasi. Kisa cha Liverpool kinatufundisha kinyume. Halmashauri ya jiji hilo ilikuwa ikijenga majengo ya ghorofa. Nguzo za msingi zilizosimikwa na mkandarasi mdogo, kampuni ya McKinney, zikaonekana na kasoro mwaka 1964. Kosa la mkandarasi lilikuwa dhahiri. Lakini halmashauri ilichukua muda mrefu kumteua mtaalamu wa kuchunguza na kuidhinisha ushauri wake, na kazi ikasimama wiki 58, ingawa matengenezo yenyewe hayakuhitaji muda wowote unaokaribia huo. Halmashauri ilipodai fidia ya ucheleweshaji, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua mwaka 1970 kwamba haiwezi kuipata. Sehemu ya ucheleweshaji ilitokana na halmashauri yenyewe, na mkataba haukuwa na kifungu cha kuongeza muda kwa sababu ya namna hiyo. Tarehe ya mwisho ikawa imeanguka, na fidia iliyohesabiwa kwa tarehe hiyo ikaanguka nayo.

Maana yake ni kwamba kifungu cha nyongeza humlinda mwenye kazi pia. Bila hicho, kosa lake dogo hufuta kosa kubwa la mkandarasi. Maana ya pili inatugusa zaidi: kikao kinachoahirishwa, idhini inayolala mezani na malipo yanayongoja saini ni ucheleweshaji wa ujenzi sawasawa na uzembe wa kibarua. Tofauti ni kwamba kibarua aliyelala huonekana, na faili lililolala halionekani.

Funzo la Mto Rufiji

Ukubwa wa kazi haubadilishi kanuni hii. Mkataba wa bwawa la kufua umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulitiwa saini Desemba 2018, na kazi ilipangwa kumalizika Juni 2022. Mto ulichepushwa Novemba 2020. Ilitarajiwa kwamba maji yangeanza kujazwa Novemba 2021, lakini mwezi huo ulipita. Na miongoni mwa sababu zilizotolewa na Serikali ni kuchelewa kwa kreni ya kunyanyulia milango ya handaki la kuchepushia maji. Maji yalianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari 2024, na mitambo yote tisa ikakamilika mwaka 2025.

Tukizingatia hesabu yetu ya seremala, tunaona jambo la kuwafikirisha wasimamizi. Kreni ni kitu kidogo mbele ya ukuta wa bwawa. Lakini bila kufunga handaki maji hayajazwi, na bila maji mtambo hauzunguki. Tena bwawa hutegemea majira ya mvua, na mvua haisomi mkataba. Kazi iliyofungwa na majira ikichelewa wiki chache inaweza kulazimika kungoja mwaka. Kwa hiyo thamani ya akiba haipimwi kwa ukubwa wa kazi wala kwa bei yake. Hupimwa kwa kile kinachoingoja.

Wajibu wetu

Kutokana na hayo, tunaona kila msimamizi wa mali ya umma anao wajibu ufuatao.

Kwanza, aombe ratiba inayoonyesha mnyororo mkuu na akiba, na aulize katika kila ziara: leo mnyororo unapita wapi, na akiba iliyobaki ni siku ngapi?

Pili, ahakikishe kumbukumbu zinaandikwa siku ile ile: mvua, vifaa vilivyofika, maagizo yaliyotolewa na saa yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na muda ni mali. Katika masharti ya FIDIC ya 1999 mkandarasi asiyetoa taarifa ya dai lake ndani ya siku 28 hupoteza haki yake. Toleo la 2017 limeufunga upande wa mwenye kazi pia kwa sharti la namna hiyo.

Tatu, kabla ya kuagiza mabadiliko, apime yataangukia wapi. Mabadiliko mazuri yaliyoletwa wakati akiba imekwisha ni ghali kuliko yale yale yaliyoletwa mapema.

Nne, aanze na meza yake mwenyewe. Vijijini yapo maboma yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi yakanyeshewa yakingoja bati. Wananchi hao walikwisha kutimiza sehemu yao ya ratiba. Mama mjamzito anayetembea usiku kwenda zahanati ya mbali, kwa kuwa ya karibu haijaezekwa, hana akiba yoyote ya muda. Siku zinazopotea ofisini ndizo anazolipa yeye.